Chupa Sita za Kisima cha Malolo

Jumatatu, 14 Julai

Majibu ya maabara yamefika. Nimeyafungua kwenye simu hapa uani kwa Mzee Bilali, mwenyeji wangu, mtandao unakuja na kuondoka. Visima vya kijiji cha Marambo – safi vyote vitatu. Kisima cha hapa Malolo – dawa ya wadudu wa korosho, mara tisa ya kiwango kinachoruhusiwa. Chupa zote sita. Mara tisa!

Nilishika kichwa hadi Mama Hajra, mke wa Mzee Bilali, akaniuliza kama nimefiwa. Nikasema hapana, ni masomo tu. Akaniletea uji. Uji wa maji ya kisima hicho hicho. Nimeunywa kwa aibu, na tangu hapo nalisikiliza tumbo langu.

Miaka miwili ya masters nimekuwa naomba nipate jambo la maana la kuandika. Nimelipata. Naogopa.

Jumanne, 15 Julai

Sikungoja. Dokta Rozalia, msimamizi wangu chuoni, alishanionya nisitoe namba yoyote kijijini kabla hajaiona. Lakini nimewaona wanawake kisimani wanajaza ndoo, nikashindwa. Nimekwenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji, Bwana Faridi.

Kufika adhuhuri kisima kimefungwa. Mnyororo, kufuli, na matawi ya miiba juu yake. Kina mama wameanza kushuka bondeni kuchimba maji kwenye mchanga wa mto. Kwenda saa nzima, kurudi na ndoo kichwani zaidi ya hapo.

Wananishukuru njiani. Mmoja ameniita daktari.

Jumatano, 16 Julai

Sasa wanatafuta mtu. Shamba lililo juu ya kisima ni la Mzee Ildefonsi. Mwaka juzi aligombana na kijiji juu ya njia ya kisimani inayokatiza kwenye mikorosho yake. Basi huo ndio umekuwa ushahidi. Kwenye foleni ya mashine ya kusaga wanasema alimwaga dawa kisimani makusudi. Mimi sikusema makusudi. Sikumtaja mtu. Nilisema kuna dawa, basi.

Amekuja mwenyewe alasiri. Hakuingia, amesimama nje ya ua, kofia mkononi. Kaniuliza taratibu: binti, karatasi yako imeandika jina langu? Nikasema hapana, mzee. Akasema basi waambie hivyo. Mwaka huu hajapuliza hata mkorosho mmoja, mashine yake ya kupulizia iko kwa fundi Ruangwa mjini tangu Mei.

Nimeyasoma majibu upya. Kama hakupuliza, dawa imetoka wapi?

Alhamisi, 17 Julai

Nimejua. Heri nisingejua.

Nilitaka kuchukua maji upya. Nimetoa katoni ya chupa mpya, nikaiacha barazani, nikaenda kuoga. Kurudi namkuta Mama Hajra ameinama anaziosha moja moja, kwa sabuni na kwa bidii, kwenye ndoo nyekundu iliyopasuka mdomo. Ndoo ambayo mumewe anakorogea dawa ya korosho.

Nikamuuliza, mama, hata zile za kwanza uliziosha? Akacheka. Kiswahili chake kimechanganyika na Kimwera, ila hili nimelielewa lote. Ndiyo, aliziosha, mgeni wake atatokaje kwenda kazini na chupa za vumbi? Na kwa kuwa katoni ina picha ya fuvu – kwa ajili ya kichupa cha tindikali ya kuhifadhia maji ninachobeba humo – alijua ni chupa za dawa. Hawezi kuziosha kwenye beseni la vyombo, ataua watu. Chupa za dawa, ndoo ya dawa. Akanitazama, anangoja nimsifu.

Nimesema asante, mama.

Marambo nilichota kabla sijaja kulala hapa. Ndiyo maana kule safi. Na sikuchukua chupa ya kulinganisha! Chupa moja tu kati ya hizo hizo, ijazwe maji safi ya dukani, ipelekwe maabara pamoja na zile nyingine, ingeonyesha kwamba uchafu uko kwenye chupa, si kisimani. Tulifundishwa wiki ya kwanza. Niliiona kama usumbufu. Mama Hajra, ambaye hakusoma, amekuwa mwangalifu kuliko mimi.

Ijumaa, 18 Julai – Nachingwea

Nimekimbilia nyumbani. Nimeaga kwamba nafuata chaja.

Dokta Rozalia amepiga. Namba zangu zimemfurahisha. Kauliza, chupa ya kulinganisha ilitoka safi? Nikasema ndiyo. Imenitoka kama salamu.

Kisha Bwana Faridi. Kikao kesho saa nne, darasani. Wazee wanataka Mzee Ildefonsi aondoke kwenye lile shamba, wanangoja tu nisome karatasi mbele ya watu.

Nikisema kweli, masters imekwisha, na Mama Hajra atakuwa ndiye aliyefungisha kisima. Nisiposema, mzee wa watu anapoteza mikorosho yake kwa ajili ya ndoo. Mama yangu ananitazama tu, haulizi. Basi la Dar linaondoka alfajiri. Nimeshapanga begi. Sijui nimelipanga la kwenda wapi.

Jumamosi, 19 Julai – Malolo

Naandika darasani, dawati la nyuma, nionekane nina kazi. Watu wamejaa hadi madirishani. Mzee Ildefonsi yuko mbele, kofia magotini. Benchi zima peke yake.

Basi la Dar limeshaondoka, sikupanda. Huo ndio ujasiri wote nilionao mpaka sasa.

Nimeandika kwenye karatasi: Chupa zilikuwa chafu, majibu si ya kweli. Kosa ni langu. Hakuna jina la mwingine. Nimeyakariri njia nzima nyuma ya bodaboda na bado nayasoma.

Bwana Faridi anafungua kikao. Anasema mtaalamu wetu atasoma.

Mama Hajra ndiyo kwanza anaingia, katoni yangu kichwani. Kanga imeloa mabegani, ametoka bondeni. Ameishusha, ananionyesha kwa mbali, anatabasamu. Ameniletea chupa zangu, zote zinang'aa. Mzee aliye karibu naye ameinua moja, ameinusa. Ameinusa tena. Anamuuliza kwa sauti: mama, hizi umeziosha na nini, mbona zinanuka dawa?

Watu wamegeuka kumtazama. Bwana Faridi ananiita. Mama Hajra amevuta pumzi ajibu, bado anatabasamu, na mimi inabidi niwahi kabla hajaitaja ndoo. Nasimama na karatasi yangu.