Mtarakwa Uliorefuka kwa Siku Tano

Jamani wa nyumba hii,

Mtarakwa wangu nimeuhamishia kwenye chungu kikubwa, uko kivulini nyuma ya mlango wa jikoni. Msiutoe juani, wala msiumwagilie mpaka udongo wa juu ukauke. Chai iko kwenye chupa.

Sasa tuzungumze. Ule mti alionipa mama mkwe una miaka tisa na ulikuwa haujavuka magoti yangu, maana unakua kama hautaki. Nimesafiri siku tano tu, narudi unanigusa kiuno! Leo asubuhi nauchomoa niubadilishie udongo, nakuta mizizi ingali ndani ya mfuko mweusi wa wauza miche. Aliyeupanda hata mfuko hakuuchana!

~~Baba Watoto, najua ni wewe.~~

Simtaji mtu. Ila kitinda mimba wangu anaosha vyombo bila kufokewa, na baba yake ananiletea chai kitandani. Paka akianza kukubembeleza, kahesabu samaki wako. Jirani yetu fundi cherehani alimwona mtu akiingia na mche, lakini eti, "Shoga, sitaki kugombanisha nyumba za watu." Tangu lini?

Mama mkwe anafika Jumamosi, na ataanza kuusalimia mti kabla yetu. Ule wa zamani, hata kama umekauka, niukute hapa mezani leo saa kumi jioni. Nitamwambia ulinifia mimi mikononi. Lakini kwanza nijue namkingia nani kifua.

Mama