Shavu la Mzee Osvaldo

Grover, niko chooni kwa kina Lucila hapa Rosario. Nimejifungia. Sitoki.

Nimempiga baba yake kichwa.

KICHWA, Grover! Miwani ikaruka ikatua kwenye bakuli la saladi, ukoo mzima unatazama. Na leo ndiyo nimekuja kumposa Lucila!

Nilipofika nilisimama mlangoni nikapunga mkono, "Habari zenu nyote." Mama yake akasema, "Kwani tuna upele?" Lucila akaninong'oneza, "Busu shavuni, mmoja mmoja. Hata wanaume!"

Basi nikaizunguka meza. Watu kumi na tisa! Mashangazi, wajomba, hadi kitoto kichanga. Kufika kwa baba yake, mzee Osvaldo, mwili ukagoma. Nikampa ule mkono wetu wa Potosí: shika, piga bega, shika tena. Akaukodolea macho. "Mkono nampa fundi bomba," akasema. "Wewe si unamtaka binti yangu?"

Nikajirusha nimbusu. Naye akainama wakati huohuo. Paa!

Kichwa, Grover. Kwenye shavu la baba mkwe.

Wewe unanijua. Baba yangu mwenyewe hajawahi kunibusu. Siku naondoka alinipa mkono pale stendi, akageuka, akaenda zake. Sasa mashavu ya watu nitayawezea wapi?

Ngoja, kuna mtu anagonga.

Ni mzee mwenyewe. Anacheka huko nje, Grover. Anasema, "Toka, mwanangu. Shavu la pili bado zima."