Nimepika Mbegu ya Mama Mkwe

Jumatano, jioni. Hapa Nachingwea wingu limetanda tangu asubuhi na joto ni lile la kabla ya mvua, nguo inaganda mgongoni. Majirani wanaifurahia hali hii. Mimi naiogopa.

Wiki niliianza kwa majivuno. Jumapili nilikagua friza na stoo, nikaamua kwamba hadi Jumamosi sinunui mboga sokoni, tunakula kilichopo. Kisamvu kilichotwangwa zamani, vipande vya kuku vilivyobaki, samaki wakavu, unga wa muhogo. Mume wangu, Baba Zuhura, akanitania kwamba safari hii hata barafu nitaiunga nazi. Nilicheka, maana nilijiona mama wa nyumba kweli.

Nyuma ya dumu la mafuta nikakuta ndoo ndogo ya njugu mawe zilizochanganywa na majivu. Nikakumbuka mume wangu aliniambia mama yake kaleta njugu siku nipo kazini. Nikamshukuru moyoni. Nikazipepeta, nikaziosha, nikazichemsha zote kwa mkupuo ili nisimalize mkaa, kama ninavyofanya maharage, nikazigawa kwenye vikopo vya friza. Jumatatu tulizila na wali wa kiporo. Jana tukazila tena, wanangu waliziomba wenyewe.

Leo mchana mama mkwe akapiga simu kutoka Mbekenyera. "Mama Zuhura, huku mvua imeshatusogelea. Jumamosi nakuja kuchukua mbegu yangu."

Nikamjibu, "Karibu, mama."

Basi. Nikakata simu.

Mimi ni mtoto wa mkulima, nimekulia Mkotokuyana. Mbegu naijua. Kwetu hukaa darini juu ya jiko ipate moshi, na hakuna anayeigusa hata njaa ikiuma vipi. Hii ilikuwa kwenye ndoo ya plastiki, pembeni ya mafuta ya kula, nikaiona chakula. Nilisahau kwamba jiko la mama mkwe lilianguka kwa mvua za mwaka jana. Hana dari tena. Aliiamini nyumba yangu.

Nilipomweleza mume wangu alikwenda kuitazama ndoo tupu. Kisha akasema mama yake alitoka na mbegu ile kwao Nanganga alipoolewa. Kila mwaka anapanda, anavuna, anatenga ya mwaka unaofuata. Hajawahi kuomba mbegu kwa mtu. Akasema na yeye ana kosa, hakunifafanulia. Sikukubali wala sikukataa.

Nikaenda sokoni. Njugu zipo, nyingi nyeupe. Za mama ni nyekundu zenye jicho jeupe. Muuzaji mmoja alikuwa nazo zinazokaribia kufanana, nikachota kiganja, nikawaza nizipake majivu nizitie kwenye ndoo. Naona aibu kuandika hivi, lakini niliwaza, tena kwa muda. Halafu nikazirudisha kwenye gunia. Mama huzichambua moja moja kila mwaka, angezijua tu. Na hata asingezijua, ningekula naye sahani moja vipi?

Kinachoniuma zaidi si ndoo. Mtu akikuletea kitu, unampigia kumshukuru, hiyo ni adabu ya kawaida. Mimi nilishukuru moyoni, basi nikaona imetosha. Ningempigia, angeniambia mwenyewe kwamba ni mbegu. Kweli majuto ni mjukuu.

Sitamsubiri Jumamosi. Nimeomba ruhusa kazini. Kesho asubuhi napanda gari hadi Ruangwa, kisha bodaboda mpaka Mbekenyera, nikamweleze mama ana kwa ana. Kikopo cha mwisho nilikipangia chakula cha Ijumaa. Nitakwenda nacho. Hazitaota, lakini ni zake.

Namfahamu mama, hatagomba. Ataniuliza tu kama watoto walizipenda.

Nitamjibu nini, na wao walilamba sahani wakaomba nyingine?