Utamu Uko Mbele, Ulisema

Masanja wa shangazi, mwangaluka. Sijui kama huko uliko kunakucha, lakini salamu ni salamu, usije ukasema binamu yako hana adabu.

Nimekalia kigoda chako na sishuki. Nakuandikia kwa mwandiko wangu mzuri, ule uliokuwa ukiuonea wivu. Wewe ulifika darasa la nne misheni, mimi nikatoka la pili, lakini hapa Rwamgasa mtu akitaka barua ya kumlainisha mchumba anamtafuta nani? Bisha basi.

Haya. Kumbe huwezi.

Kitabu chako ninacho. Kile cha watu wa mwezini, ulichokitoa dukani Kahama hakina hata jalada, ukarudi umekikumbatia kama mtoto mchanga. Ukiwa hai ulinikataza kusema, leo nasema: ni kibaya, Masanja. Mwanzo nilikipenda. Watu wanaingia kwenye chungu cha chuma kikubwa kama nyumba, wanapaa, nikasema hapa pana kazi. Wakafika, na ndiyo basi tena. Watu wa mwezini wana vichwa vya kioo, hawali, hawaoi, hawagombani. Wanahutubia tu, ukurasa hadi ukurasa. Unakumbuka ulivyokuwa ukitusomea mdomoni mwa shimo letu la dhahabu, lile Bwana Shauri wa bomani asilolijua, mimi na mzee Nkwabi, mchimbaji mwenzetu, tukitafuna michembe ya viazi? Mzee akauliza, "Na ng'ombe wao wanachungwa na nani?" Wewe ukafunua ukurasa. "Vumilieni. Utamu uko mbele."

Hata shimo ulilisemea hivyohivyo. Tuliosha mchanga kwenye karai, tukatikisa, maji yakamwagika, chini hamna hata chembe ya kung'aa. Kila mchimbaji anajua: karai likishakukatalia, na likakukatalia tena, unahama. Wewe ukasema mshipa uko mbele, ukashuka, na mvua ilikuwa imelowesha kuta. Nilikuwa juu nimeshika kamba.

Niliivuta. Haikuja.

Tulipokuzika nilifanya kazi yangu ya utani, waulize. Nilivaa kofia yako kinyumenyume, nikajilaza kaburini kabla yako, nikasema sitoki, maana mvivu huyu atalalaje peke yake, nani atamwamsha? Watu walicheka huku wanalia. Mama yako naye alicheka, akauma kanga.

Lakini siku ya kumaliza matanga mzee Nkwabi alisimama. Akasema shimo la marehemu haliachwi, na neno lake la mwisho ni wasia: mshipa uko mbele. Kesho yake atashuka yeye na mdogo wako Shija. Nikamtazama Shija. Alikuwa ameshainoa sururu. Watu wakainama. Nani aseme mlangoni kwa mama yako kwamba ulikosea? Ndipo mama yako mwenyewe akanigeukia mimi.

"Wewe si mtani wake? Basi sema."

Nikaingia ndani, nikatoka na kitabu chako. Nikawasomea hotuba ya yule mkubwa mwenye kichwa cha kioo, kwa ile sauti yako ya kujifanya padri, mpaka wakaanza kupiga miayo.

"Kijana, funga hicho kitu," mzee Nkwabi akasema.

"Utamu uko mbele, mzee."

Wakacheka. Nikaendelea. Akaniambia tena nifunge, safari hii hakucheka.

"Mzee, huyu ndiye Masanja," nikasema. "Karai linamkatalia, yeye anafunua ukurasa. Mpumbavu wangu huyu hakujua kuacha kitu kibaya. Kitabu hiki ni shimo tupu. Na shimo lile ni tupu pia, tumeliosha wote watatu, wewe unajua. Humo hamna kitu ila alichokiacha yeye, pumzi yake. Nani anataka kwenda kuiokota?"

Hakuna aliyecheka. Nilidhani nitapigwa. Mzee Nkwabi akachukua sururu kwa Shija, akaenda kuilaza miguuni pa mama yako. Kesho yake tulilifukia lile shimo. Shija alitupa udongo kwa hasira, hakusema na mimi.

Sasa anasema. Kila jioni ananiuliza kama wale watu wa chungu walirudi duniani. Wengine wananiambia nikimalize kwa heshima yako. Nimejaribu. Nafika pale ulipoacha, penye alama ya kidole chako ya udongo mwekundu, nafunga. Si kwa sababu ya majonzi, usijipe ukubwa. Ni kwa sababu ni kibaya, na nimeapa mmoja wetu atajua kuacha.

Na nakuahidi hili: Shija hashuki shimo lolote nikiwa hai, hata aninunie mpaka mdomo umshuke. Nitamfundisha kuandika barua za wachumba. Kwa mwandiko wangu, si wako.

Lala, binamu. Kama kweli utamu ulikuwa mbele na wewe umeuona huko, nikija usinisimulie.