Mlango Ulioacha Kulia

Jumamosi, 3 Agosti

Likizo imeanza, na mimi nimeanza na mlango wa gereji. Ule mlango! Ukiupandisha unapiga kelele kama bati linachanwa. Jirani wote wanajua tukitoka, wanajua tukirudi. Nimemwomba mume wangu aushughulikie tangu enzi zile nilipokuwa mwembamba. Jibu lake ni moja: "Kesho." Ndiyo maana humu daftarini anaitwa Bwana Kesho, na sibadilishi.

Basi leo nimejifunga kanga kiunoni. Nimefagia. Nimetoa utando wa buibui kwenye pembe. Nimesugua bati kwa maji ya sabuni, nje na ndani — maji yametoka meusi tii! Kisha nikapaka mafuta: vigurudumu vinavyopanda kwenye reli, bawaba, reli zenyewe. Kote. Mafuta gani? Yale ya kukaangia, yaliyobaki kwenye kikaango. Mafuta si mafuta?

Mama mkwe alikuja akasimama kwenye kizingiti, mkono ukutani. Akauliza nafanya nini. Nikamwambia naunyamazisha mlango. Akasema: "Uache tu, mwanangu. Umezeeka, una haki ya kulalamika."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumapili, 4 Agosti

Sisimizi!! Wamepanga foleni kwenye reli, juu mpaka chini, wengine wanashuka wameshiba. Bwana Kesho amecheka mpaka akashika ukuta. Eti nimewapikia. Vumbi nalo limenata kwenye mafuta likawa kama uji. Jioni akirudi, mlango ulikwama katikati, ukalia kuliko siku zote — Mungu wangu, ule mlio!

Aliyefurahi ni Mama peke yake. Mlango haujafika hata nusu, kashasema, "Huyo amerudi!" Kaondoka kwenye kiti chake, ndara zikiburuta kuelekea jikoni. Kumpashia mwanawe chakula ni kazi yake tangu ahamie kwetu. Nani aguse? Nilijaribu mwaka wa kwanza, nikaambiwa kwa upole nikapumzike.

Jumanne, 6 Agosti

Leo nimefanya kisawasawa. Muuzaji wa duka la vifaa kanipa mafuta ya kopo, ya kupuliza. Kasema usipulize kwenye reli, reli zifutwe tu. Na springi ile kubwa ya juu nisiiguse kabisa. Ikifyatuka, kasema, mlango utabaki salama, wewe hapana.

Nimeondoa ule uji wa sisimizi kwa maji ya moto. Nimekausha kwa shati kuukuu la Bwana Kesho (hajajua bado). Nimekwangua kutu kwa brashi ya waya, nimekaza skrubu zote, nimebadilisha mpira wa chini uliotafunwa na panya. Nikapuliza vigurudumu na bawaba.

Mlango unapanda kwa kidole kimoja. Kimya! Nimeupandisha na kuushusha, nimeupandisha na kuushusha, mpaka nikaona haya. Kisha nikakaa kwenye ndoo ya rangi huku huku gereji, ninapoandikia — nyuma ya makopo hakuna anayefukunyua daftari la mtu — nikajipongeza.

Jambo moja tu. Bwana Kesho aliingia sebuleni, akasema shikamoo. Mama akaruka! Kikombe kikaanguka. "Nani?" Ni mimi, Mama. "Umeingilia wapi?"

Tulicheka, mimi na mume wangu. Mama akawa anaomba radhi kwamba chakula hakijapata moto. Anaomba kama mtu aliyevunja sheria. Sikuelewa.

Alhamisi, 8 Agosti

Sielewi, sielewi.

Jioni yote Mama kakaa kwenye kiti, uso ameuelekeza ukumbini. Nikamwita tule. "Namsubiri mwanangu, hajarudi." Nikamwambia amerudi zamani, ameoga, amelala. "Hajarudi. Angerudi ningejua."

Alivyolisema lile "ningejua" — nilikwenda chumbani kuhakikisha! Nikamkuta anakoroma. Nikasimama pale nikijiuliza kati yetu nani kachanganyikiwa.

Narudi sebuleni namkuta Mama anasalimia koti. Koti la mume wangu, limetundikwa kwenye kiti. "Pole na kazi, mwanangu." Analiambia koti. Nilishika sinia nisijue niangalie wapi.

Ijumaa, 9 Agosti

Mbaya zaidi. Bwana Kesho kaingia akiongea na simu na dada yake. Kamgusa Mama begani kwa nyuma, kwa mapenzi tu. Mama akapiga ukelele: "Mwizi!" Akamtandika na rimoti ya televisheni, paji la uso! Na wifi kwenye simu anasikia kila kitu.

Wifi kasema akili ya Mama inaondoka, tena ameshasema zamani hatumsikilizi. Anakuja Jumamosi ya wiki ijayo kumchukua. Kwake kuna msichana wa kazi wa kumwangalia mchana kutwa. Ghorofa ya nne. Mama, ghorofa ya nne!

Nimemuuliza mume wangu anasemaje. Kasema labda ni kheri. Akatoka akakaa ndani ya gari, hata redio hakuwasha.

Lakini akili gani hii inayoondoka? Asubuhi ya leo leo Mama kanikumbusha nimeacha jiko linawaka. Kanihesabia waliokuja harusini kwetu na waliojipakulia mara mbili. Mmojawapo mjomba wangu! Mtu wa hivyo anashindwaje kumjua mwanawe saa moja jioni?

Jumapili, 11 Agosti

Nimemtazama akimimina chai. Kidole ameking'ang'aniza ndani ya ukingo wa kikombe. Chai ikigusa kidole, anaacha. Nimemwona akifanya hivyo kila siku! Na mimi — nisamehewe — nilikuwa nadhani ni ukosefu wa adabu za mezani.

Nikasogeza bakuli la sukari. Upana wa kiganja kimoja tu, kimya kimya.

Mkono wake ukaenda palepale lilipokuwa. Ukagonga meza. Ukatafuta huku, ukatafuta kule. Uso umetulia kabisa, unaniambia habari za mvua, na mkono unatafuta.

Nikalisukuma bakuli mpaka likamgusa. Nikajiona kama mwizi.

Jumatatu, 12 Agosti

Tulikuwa wawili tu nyumbani. Nikamuuliza kama anaona.

Akasema: "Jana ulisogeza bakuli la sukari. Nilijua." Akacheka. Kicheko kikageuka kilio, na mimi nikaanza kulia kabla sijajua nalia nini.

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alianza kuona ukungu, kama kioo cha bafuni mtu akishaoga. Kisha vivuli. Sasa hata vivuli ni vya kubahatisha. Anatembea kwa masikio. Friji ikinguruma, jikoni ni kule. Ndara zangu anazijua, eti mguu wa kushoto naukokota (sikujua!). Na mlango wa gereji — hapo akanishika mkono. Ule mlango ndio uliokuwa unamwambia mwanawe kafika. Ukilia tu, anapata muda wa kunyanyuka, kunyoosha nguo, kufika jikoni kabla mtu hajamwona anapapasa. Miaka yote hiyo! Na sisi tunasifia, mama huyu ana macho ya mwewe!

Na mimi nikaja na kopo langu.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. "Nikisema sioni, hata chai sitaachiwa nimimine. Nitakalishwa kama gunia. Usiwaambie, mwanangu. Niapie."

Nikataja daktari wa macho. "Kisu kwenye jicho? Kikuingie wewe!"

Nikaapa. Nimekuja huku kwenye ndoo yangu ya rangi najiuliza nimeapa nini. Nikisema, anakuwa gunia. Nisiposema, anakuwa mwendawazimu, anapelekwa mahali asipojua hata mlango mmoja. Na mimi nampenda, yule bibi. Nitakwambia nini tena, daftari, zaidi ya hapo.

Jumatano, 14 Agosti

Nimeosha mafuta yote. Sabuni ya vyombo, maji ya moto, brashi, kila kigurudumu, kila bawaba. Nikaupandisha mlango, masikio nimeyatega.

Kimya.

Nikamwagia maji ya chumvi ili kutu irudi. Kutu nayo inataka muda wake. Nikalegeza skrubu. Sasa mlango unatikisika, unayumba kama mlevi — lakini haulii! Wiki iliyopita ningempigia mtu makofi kwa kazi safi hivi.

Bwana Kesho kanikuta na bisibisi. Kauliza kwa nini nalegeza nilichokaza. Nikasema matengenezo. Aliniangalia vile... nadhani anafikiri maradhi ya mama yake yameniambukiza mimi.

Nikamwambia akifika awe anapiga honi. Kasema apige honi kwake, nani amfungulie? Basi aite tu, "Jamani nimerudi!" Akasema sawa, kesho. Leo kaingia kama paka. Mama yuko kwenye kiti, kajikaza, anageuza uso kila upande kumpokea mtu, hajui yuko upande gani. Sikuweza kula.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimekaribia kusema. Mara mbili. Mdomo umefunguka, kikatoka kitu kuhusu chumvi.

Mama kapanga nguo zake mwenyewe kwenye begi. Anazikunja kwa kugusa pindo. Hakuna aliyeona ila mimi.

Jumamosi, 17 Agosti

Nianze vizuri.

Wifi kafika mchana. Kamwamkia Mama, kamkumbatia, kalia kidogo. Si mtu mbaya wifi, ni mtu wa haraka. Mume wangu alikuwa katoka na gari. Nikamwambia wifi, ukweli wa Mungu, Mama ana akili kunishinda mimi. Akasema: "Sawa, wifi. Tumsubiri kaka. Akiingia mwanawe na Mama akamjua kama zamani, mimi nanyamaza. Akilisalimia koti kama nilivyosimuliwa, tunaondoka naye jioni hii." Kasema mbele ya Mama, kama Mama ni kabati.

Mama kwenye kiti. Mikono kwenye mapaja. Begi ukumbini. Hakuniomba kitu. Aliinua tu uso upande wangu — mguu wangu wa kushoto ulinisaliti.

Nikasema naenda kuchukua ndoo. Nikaja gereji. Sikuwa na mpango wowote, naapa. Nilisimama naukodolea mlango, nauambia: lia. Lia mara moja tu, halafu unyamaze maisha yako yote.

Gari likafika. Hilo Mama hawezi kulitegemea, magari yote ya mtaa yanapita hapo. Injini ikazimwa. Mkono kwenye kishikio. Mlango ukaanza kupanda.

Kimya. Unayumba, lakini kimya, nilivyoutengeneza mimi.

Brashi ya waya ilikuwa sakafuni. Sijui niliiokota saa ngapi. Niliikandamiza kwenye bati na kuivuta, chini mpaka juu, sambamba na mlango. Ule mlio! Meno yaliniuma mpaka kwenye mizizi. Nikavuta tena!

Na ndani, sauti ya Mama, kubwa, ya zamani:

"Huyo amerudi!"

Kiti. Ndara. Sufuria juu ya jiko.

Bwana Kesho alikuwa kainama chini ya mlango, funguo mkononi. Kaniangalia mimi. Kaangalia brashi. Kaangalia mlango, kausukuma kidogo kwa kidole — haukutoa hata pumzi. Kaangalia kule jikoni, muda mrefu. Si mjinga mume wangu, ni mzito tu. Niliona jinsi uso wake ulivyokuwa unakwenda, pole pole, kutoka kitu kimoja hadi kingine. Halafu akauliza, chini chini:

"Na kesho?"

Sikumjibu. Nimeapa. Akaichukua brashi mkononi mwangu, akaingia nayo.

Nimekaa kwenye ndoo. Nasikia Mama anamwambia aketi, chakula kimepata moto. Nasikia sahani. Wifi hajasema neno. Begi sijui kama limetolewa ukumbini au bado. Nimesema au sijasema? Brashi ni kusema? Na yeye atasema? Na kesho kweli, na keshokutwa, nitakuwa nakwaruza bati mpaka lini?

Sahani zimenyamaza. Viatu vinakuja huku. Vya Bwana Kesho? Au vya wifi? Nimefumba macho nisikilize, na bado sijui.

Mama angeshajua.