Siku Nilipoosha Minyoo Yako

Anti Kerubo,

Mtoto amelala, ndiyo nimepata nafasi. Ni msichana, Anti, ana miezi minne. Alikaa matako chini mpaka mwisho, kwa hivyo wakanipasua wakamtoa kabla ya wiki zake kutimia. Alikuwa mdogo kama paka. Sasa ananyonya mpaka nachoka mimi. Hukumwona. Presha ilikuchukua nikiwa na mimba ya miezi mitano, na hilo bado linaniuma, maana ni wewe uliyenifanya nijaribu tena.

Unakumbuka nilivyokuja kwako Nyanchwa? Mimba ya pili ilikuwa imetoka, na mama mkwe alikuwa ashaambia watu wote Nyansiongo kwamba nilimeza dawa za kutoa mimba nikiwa shule. Mimi niliyeishia darasa la nane! Lakini hata mimi nilijilaumu. Niliamini ni ule mtungi wa maji niliobeba siku hiyo. Hospitali walinipiga picha wakasema mfuko wangu wa uzazi una pembe mbili. Karatasi yao niliificha ndani ya Biblia.

Ukanipeleka kazini kwako, maabara, nikusaidie kuosha vyombo. Siku ya pili nikaona visahani mezani vina kitu cheupe kama maziwa yaliyoharibika. Nikaviosha vyote, kwa sabuni na maji moto. Uliporudi ukasimama mlangoni, nikajua nimekwisha. Halafu ukacheka mpaka miwani ikaanguka.

"We Moraa! Umeosha ukoo mzima!"

Kumbe ulikuwa unafuga minyoo. Ya udongoni, midogo hivi kwamba jicho haliioni vizuri. Badala ya kunifukuza ulitoa visahani viwili kabatini, ukaniketisha kwenye hadubini. Mnyoo alikuwa mwangavu kama kioo, niliona mpaka mayai ndani yake. Ukanieleza kwamba mfuko wake wa uzazi, akiwa mchanga, huongozwa na seli moja iliyo mbele. Inatembea, inafika mahali, inageuka, inarudi. Na seli hiyo ina vishikio, inashikia njia. "Kama wewe ukipanda huu mlima wetu mvua ikinyesha," ukasema, "si unashika nyasi?"

Mnyoo wa kisahani cha pili vishikio vyake vilikuwa na hitilafu. Mfuko ulikuwa umegeukia kusikofaa, umekaa ovyo tu.

Nikakuuliza huyu alikosa nini.

"Hakukosa kitu. Alijengwa hivyo."

Ndipo nikakutolea ile karatasi, nikakutajia na mtungi. Anti, ulinishika mkono. "Wewe si mnyoo, na mimi si daktari. Vishikio vyako sivijui vilishikaje. Lakini mfuko wako ulijengwa ukiwa tumboni mwa mamako. Huo mtungi ulikuwa wapi?"

Nililia, lakini si kama vile nilivyokuwa nikilia siku zote. Wiki hiyo hiyo ukanirudisha hospitali, wakanifuatilia vizuri tangu mimba ya tatu ilipoingia. Asante. Sijui kuisema zaidi ya hapo. Asante, Anti.

Sasa sikia. Kwamboka, mke wa shemeji yangu, mimba yake imetoka. Juzi tulikuwa tunapukuchua mahindi, wanawake wakaanza: alikula nini, alitembea na nani. Yeye ameinama tu. Nikasema mbele ya mama mkwe, "Mwacheni. Mimi pia mlinisema, na sikuwa nimefanya kitu. Apelekwe apimwe."

Nikafikiri nitatukanwa. Mama mkwe akaendelea na gunzi lake, akalimaliza, akachukua lingine. Halafu, bila kuniangalia: "Wewe ndiye unajua daktari. Utampeleka?"

Nimesema ndiyo. Tunaenda Jumanne.

Pumzika, Anti yangu. Nakuahidi nitakaa na Kwamboka kwenye benchi mpaka aitwe, na akitaka niingie naye, nitaingia.

Wako,
Moraa