Govi la Mjukuu Wangu Halivutwi

Jumanne. Jua la Ilala leo halina adabu, na mimi nimenuna tangu asubuhi.

Watoto wa mtaa huu nimewaogesha tangu nina meno yote. Nusu ya wanaume wanaouza mitumba soko la Mchikichini wamepita kwenye beseni langu.

Sasa juzi mkwe wangu Zuhura kaninyang'anya mtoto. Mimi! Namwogesha mjukuu wangu Shabani, miezi mitatu, nikalivuta govi nyuma nisafishe, kama alivyonifundisha mama yangu. Mtoto akapiga yowe hadi fundi cherehani wa jirani akachungulia.

"Mama, kuanzia leo nitamwogesha mwenyewe," akasema Zuhura.

Nilimjibu vibaya. Siandiki nilichosema.

Siku mbili sijamshika mtoto. Nimekaa kama mgeni nyumbani kwangu.

Leo nikajipeleka nao kliniki, nesi amnyooshe huyu binti. Nesi mwenyewe kadogo, kana kucha nyekundu. Nikapaza sauti benchi zima lisikie: "Mwanangu, govi la huyu halifunguki. Si ugonjwa huu?"

"Hapana, bibi. Wanazaliwa hivyo, ngozi imeshikana na kichwa cha uume. Inaachia yenyewe taratibu, wengine baada ya miaka mingi. Ukiivuta kwa nguvu inachanika, inaacha kovu. Osha nje tu, kama unavyoosha kidole. Pakivimba, au akishindwa kukojoa, mlete."

"Na jando je?"

"Jando lina siku yake na daktari wake. Bibi, wewe si daktari."

Benchi zima likacheka. Mama mmoja alimwaga uji.

Zuhura hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Kurudi, muuza viatu mmoja akaniita, "Shikamoo bibi!" Baba wa watoto wanne. Huyu alikuwa analia kwenye beseni kuliko wote, nami nikimwita mdeka. Nikaitika marahaba huku naangalia viatu.

Jioni Zuhura kaniletea maji ya vuguvugu na mtoto. Nimeosha nje tu. Shabani kanikojolea khanga, kisha akacheka, mshenzi mdogo.

Neno samahani nimelitafuta tangu magharibi. Mdomo umelikataa.

Lakini blogu hii Zuhura ndiye aliyenifungulia, na huisoma kila asubuhi kabla hajabandika chai. Basi, mwanangu, ukifika hapa umeshalisoma. Usije ukanitaka nilirudie kwa mdomo.